Nani Alizijenga Nyumba 12 za Nyota?



Mwaka jana, wiki tatu kabla ya harusi, alinijia dukani bi harusi mmoja niliyekuwa namshonea gauni la nikahi. Nilidhani amekuja kujaribu. Badala yake akakaa kwenye benchi, akafungua simu na kunionesha duara lililogawanywa vipande 12 kama keki, limejaa alama ndogo ndogo.

"Dada, nyumba yangu ya saba ina Zohali," akaniambia. "Ndiyo nyumba ya ndoa. Imeandikwa hapa kuwa mume wangu atakuwa mzito, atanibana, na sitaona raha mpaka uzeeni. Nataka tuisogeze mbele nikahi."

Posa ilishapokelewa, mahari yalishatolewa, ukumbi ulishalipiwa, na mama yake hana habari. Mimi ni fundi wa nguo, si shekhe wala mnajimu. Hukumu ya dini naijua kama mnavyoijua nyinyi: Mtume (S.A.W.) ametukataza kuwaendea watabiri, na kukosa kukubaliwa sala za siku 40 si jambo la mchezo. Nilipomgusia hilo, akanijibu haraka kuwa yeye hakwenda kwa mtu yeyote, amefungua simu yake tu kitandani. Nikaona nikilisema lile lile mara ya pili nitampoteza. Nikamwambia aache nguo, arudi baada ya siku tano. Siku hizo tano nikazitumia kutafuta jibu la swali moja lililonikaa kichwani: hizo nyumba, nani kazijenga? Nyumba haijijengi yenyewe.

Kwanza tuelewane ni kitu gani, maana wengi wetu tunazijua nyota 12 za magazetini, Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa na wenzao mpaka Samaki, tukadhani ndiyo mambo hayo hayo. Siyo. Zile ni buruji, na zinafuata safari ya jua kwa mwaka mzima. Aliyezaliwa tarehe 5 Agosti ni Simba, awe amezaliwa Chake Chake au Muscat, alfajiri au usiku wa manane. Nyumba hazifuati mwaka, zinafuata siku. Mbingu tunaiona ikizunguka kutoka mashariki kwenda magharibi, mzunguko mmoja kwa siku, na kila baada ya dakika 4 hivi inasogea digrii moja. Mnajimu anatafuta ni sehemu gani ya buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki dakika ile mtoto anatoka tumboni. Hapo ndipo nyumba ya kwanza inapoanzia. Kisha anahesabu akiteremka chini ya ardhi, anatokeza upande wa magharibi, anapita juu ya utosi, mpaka anarudi mashariki. Nyumba sita ziko chini ya upeo wa macho, sita ziko juu.

Kila nyumba imepewa mambo yake. Ya kwanza ni mwili na uhai, ya pili mali, ya tatu ndugu, ya nne wazazi na ardhi, ya tano watoto, ya sita maradhi, ya saba ndoa, ya nane mauti, ya tisa dini na safari za mbali, ya kumi kazi na cheo, ya 11 marafiki, ya 12 maadui wa siri na kifungo. Sayari iliyoangukia nyumba fulani ndiyo inayodaiwa kuyaendesha mambo ya nyumba hiyo. Ya saba, kwa taarifa yenu, si ya mume peke yake. Vitabu vya zamani vinamweka humo humo na adui wa wazi. Mume na adui chumba kimoja! Aliyepanga hivyo sijui yake ilikuwa ndoa ya namna gani.

Sasa turudi nyuma. Watu wa Babeli, katika Iraq ya leo, ndio walioigawa njia ya jua vipande 12 vilivyo sawa, karne ya 5 kabla ya Nabii Isa. Vibao vya udongo vya zamani kabisa vinavyoeleza nyota za mtoto aliyezaliwa ni vya mwaka 410 kabla ya Isa. Vinasema mwezi ulikuwa wapi, Mshtarii alikuwa wapi, Zuhura alikuwa wapi. Nyumba hazimo. Hata kile kinachochomoza mashariki hakimo. Yaani wale tunaowaita mababa wa unajimu waliandika nyota za watoto wao bila nyumba hata moja, wala hawakuona kuwa kuna kilichopungua.

Kilichopungua kilitoka Misri. Makuhani wa huko walikuwa na makundi 36 ya nyota yanayochomoza kwa zamu, nao waliyatumia kujua saa za usiku ndani ya mahekalu yao. Ilikuwa ni saa ya ukutani, basi. Mwaka 332 kabla ya Isa, Iskandar wa Makedonia akaichukua Misri, Wagiriki wakahamia kwa wingi, na katika miji kama Alexandria buruji za Babeli zikakutana na saa za Misri. Hapo ndipo watu walipoanza kuuliza si tu jua liko buruji gani, bali nini kilikuwa kikichomoza. Wagiriki wakakiita horoskopos, maana yake mwenye kuangalia saa, na ndiko lilikotoka neno horoskopu. Nyumba zenyewe zikaja kwenye karne ya 2 au ya 1 kabla ya Isa, ndani ya vitabu vilivyopewa majina makubwa ya kale ili viheshimiwe: Hermes, mfalme Nechepso, kuhani Petosiris. Hata idadi haikuwa imetulia, maana palikuwa na mpango mwingine wa sehemu 8 badala ya 12.

Wagiriki hawakuziita nyumba, waliziita mahali, na kila mahali pakawa na jina lake. Nilipoyasoma majina hayo nilistuka. Pa kwanza paliitwa Usukani, jina ambalo sisi watu wa visiwani tunalielewa bila kufasiriwa. Pa pili paliitwa Lango la Kuzimu. Pa tatu paliitwa Mungu wa Kike, ndipo mwezi unapofurahi. Pa tisa paliitwa Mungu, ndipo jua linapofurahi. Pa tano Bahati Njema, pa sita Bahati Mbaya, pa 11 Pepo Mwema, pa 12 Pepo Mbaya. Soma tena taratibu. Yale maneno laini ya kwenye simu, "nyumba yako ya tisa inahusu imani na kukua kiroho", yametokana na mahali ambapo mwabudu jua aliliweka jua akaliita mungu. Programu haikuambii hayo. Imekwangua rangi ya zamani na kupaka mpya.

Na wala msidhani waliamua kwa kuchunguza maisha ya watu, kwamba walihesabu wagonjwa elfu wakaona wote wana Mirihi kwenye sita. Waliamua kwa pembe. Mahali ambapo hapana mstari wa kutazamana na pa kwanza paliitwa pabaya kwa sababu "haupaoni" uhai. Hapo ni pa pili, pa sita, pa nane na pa 12. Ndiyo maana mauti, maradhi na vifungo vikajazwa humo. Pa pili pamesalimika kwa kupewa mali.

Pa sita ndipo nilipokaa sana. Kwa Wagiriki na Warumi hapo palikuwa pa maradhi na pa watumwa. Tajiri akizaliwa, mnajimu alitazama pa sita amwambie watumwa wake watakuwaje, watamtii au watatoroka. Mtumwa mwenyewe naye ana nyumba 12, lakini vitabu viliandikwa kwa jicho la mwenye kumiliki. Mtu wa Unguja, anayejua soko la watumwa lilifungwa hapa mjini mwaka 1873, hawezi kulipita jambo hilo kama analipita bango la biashara. Fungua simu leo usome nyumba ya sita: "kazi zako za kila siku, afya na mpangilio wa maisha." Watumwa wamekwenda wapi? Kama mbingu ndiyo iliyowaandika, nani kawafuta?

Katika waandishi wa zama hizo yupo mmoja niliyempenda kidogo, Vettius Valens wa Antiokia, karne ya 2. Alikusanya horoskopu zaidi ya mia za watu wa kweli. Sita kati yake ni za watu waliokuwa chombo kimoja na karibu wafe baharini mwaka 154, na mmoja wao ni yeye mwenyewe. Akakaa baadaye akazipanga zote sita akitafuta ile hatari imeandikwa wapi katika kila moja. Namfahamu. Watu wa visiwani tumeshazika majirani wa meli moja, wazee na vichanga, mwenye nyota ya Simba na mwenye nyota ya Nge, nasi tunajua hamu ile ya kutafuta kwa nini huyu na si yule. Kwamba mtu anatafuta jibu simlaumu. Ninachosema ni kwamba Valens alianza na ajali mkononi, ndipo akarudi kwenye nyota. Ukishajua lililotokea, huwezi kukosa nyumba ya kulilaza.

Nyumba hizi zilifika vipi kwa Waislamu? Zilipitia Uajemi. Mshairi Dorotheus wa Sidon, wa karne ya 1, aliandika unajimu kwa Kigiriki, ukatiwa Kipahlavi, kisha Umar ibn al-Farrukhan al-Tabari akautia Kiarabu katika karne ya 8. Kwa Kiarabu buruji wakaziacha na jina lake, na zile "mahali" wakaziita buyut, wingi wa bayt. Ndiyo sababu na sisi leo tunasema nyumba.

Umar huyu alikuwemo katika kundi la wanajimu walioitwa na khalifa al-Mansur kuchagua saa ya kuanza kuujenga mji wa Baghdad. Walikuwapo Nawbakht Mwajemi, Mashallah Myahudi wa Basra, na al-Fazari. Wakachagua tarehe 30 Julai 762, na nyota za siku hiyo al-Biruni alizihifadhi katika maandishi yake. Inasimuliwa kuwa Nawbakht alimbashiria khalifa kwamba hakuna khalifa atakayefia ndani ya mji huo. Na tazameni, al-Mansur alifariki njiani kwenda kuhiji, karibu na Makka. Harun al-Rashid alifia Tus, mbali kabisa. Watu wakazidi kuamini. Mwaka 813 mwanawe Harun, al-Amin, akauawa huko huko Baghdad katika vita na ndugu yake. Na mwaka 1258 Wamongoli wakaingia, wakamuua khalifa al-Musta'sim na kuuteketeza mji uliochaguliwa kwa nyota bora. Ibn Qayyim al-Jawziyya, aliyefariki mwaka 1350, aliichukua habari hii ya Baghdad na kuifanya hoja dhidi ya wanajimu.

Jina la mnajimu mkubwa wa Baghdad mnalijua hata kama hamjui kuwa mnalijua. Abu Ma'shar wa Balkh, aliyezaliwa 787 na kufariki 886, alianza akiwa mwanafunzi wa Hadithi na mpinzani wa wanafalsafa, akaingia kwenye nyota akiwa mtu mzima wa miaka 47. Inasimuliwa kuwa khalifa al-Musta'in aliamuru achapwe viboko kwa sababu alitabiri jambo likatokea. Ukikosea unachekwa, ukipatia unachapwa, kazi gani hiyo! Katika pwani yetu jina lake limebaki kwenye kile kitabu cha Kiarabu cha Abu Ma'shar al-Falaki, ambacho baadhi ya waganga hukifungua wakakuuliza jina lako na jina la mama yako. Lakini angalieni: kile kinahesabu herufi za majina kwa abjadi na kugawa kwa 12. Hakiulizi saa uliyozaliwa. Hakina nyumba zinazotokana na upeo wa macho, wala hakifanani na hesabu za Abu Ma'shar mwenyewe. Kwa hiyo nyota unayopewa na mganga na ile unayopewa na simu hata si ndugu, ingawa zote mbili zitakwambia kwa uhakika kuwa ndizo zako.

Sasa habari ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1029, mjini Ghazna katika Afghanistan ya leo, Abu Rayhan al-Biruni aliandika kitabu cha kufundishia elimu ya nyota, Kitab al-Tafhim. Alikiandika kwa ajili ya mwanamke: Rayhana binti al-Hasan, wa kutoka Khwarazm. Yeye ndiye aliyemuomba. Kitabu kimepangwa kwa maswali na majibu zaidi ya 500, kama vile binti amekaa mbele ya mwalimu anauliza nukta ni nini, mstari ni nini, duara ni nini. Anaanza na jometri, anakwenda kwenye hesabu, kisha umbo la mbingu na ardhi, miji na bahari, kalenda za mataifa, matumizi ya astrolabu. Hukumu za nyota, na ndani yake nyumba 12 na mambo yake yote, zinakuja mwisho kabisa. Na anapofika hapo anamwambia wazi kuwa watu wengi wanazihesabu hukumu hizi kuwa ni matunda ya elimu ya nyota, lakini imani yake yeye katika matunda hayo ni ya kiwango cha chini kabisa. Kisha anamfundisha hata hivyo, moja baada ya moja, ili ajue watu wanasema nini.

Nililifikiria hilo usiku kucha. Hakumfungia kitabu kwa kuwa ni mwanamke atatishika. Wala hakumdanganya. Alimpitisha kwenye jometri kwanza, ili atakapofika kwenye nyumba ya saba awe na akili ya kupimia.

Wanazuoni wetu walikuwa makini kutenganisha vitu viwili, na sisi tumevichanganya. Falaki ya kujua kibla, nyakati za sala na kuandama kwa mwezi ni elimu yenye faida. Misikiti mikubwa iliwaajiri wataalamu wake, kama Ibn al-Shatir katika Msikiti wa Umayya, Damascus, karne ya 14. Manahodha wetu nao walivuka mpaka Arabuni kwa nyota. Hukumu za nyota, kwamba Zohali ndiye atakayekunyima raha ya ndoa, ni jambo jingine, na waliolipinga si wale tu wa fiqhi. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa, aliandika risala kulipinga. Ibn Khaldun, mwanahistoria aliyefariki 1406, aliliwekea mlango mzima katika Muqaddima yake. Na juu ya wote hao tunakijua kisa cha kupatwa kwa jua siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (S.A.W.). Watu walianza kusema jua limehuzunika. Mtume akiwa na msiba wake wa mtoto mdogo hakuwaachia hata faraja hiyo. Aliwaeleza kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake.

Nyumba, hata hivyo, ziliendelea na safari. Al-Qabisi, aliyekuwa Halab kwa mtawala Sayf al-Dawla katika karne ya 10, aliandika utangulizi wa unajimu ambao katika karne ya 12 ulitiwa Kilatini huko Hispania, ukasomeshwa vyuo vikuu vya Ulaya kwa miaka mia kadhaa. Wazungu wakamwita Alcabitius. Na kwa jina hilo kuna namna moja ya kugawa nyumba mpaka leo. Nasema namna moja kwa sababu zipo nyingi, na hapa nitasema kama fundi.

Ukipewa kitambaa cha duara ukaambiwa ukate sketi ya vipande 12, unaweza kukata vyote sawa, ukamaliza. Wagiriki wengi wa mwanzo walifanya hivyo: buruji moja, nyumba moja. Lakini unaweza pia kusema kiuno kiko hapa na nyonga ziko pale, kwa hiyo vipande visilingane. Wanajimu wa baadaye walichukua nukta nne, mashariki, magharibi, utosini na chini ya miguu, wakaanza kubishana namna ya kukata kati ya nukta hizo. Porphyry alikata hivi, al-Qabisi vile. Mjerumani Regiomontanus, aliyefariki 1476, akaja na yake. Mtawa wa Kitaliano Placidus, aliyefariki 1668, akaja na yake. Karne ya 20 akatokea mwalimu wa Kijerumani, Walter Koch, na yake. Watu wale wale, anga ile ile, saa ile ile, na sayari moja anaiona huyu iko nyumba ya saba, yule anaiona iko ya nane. Yaani mmoja anasema ndoa, mwingine anasema mauti.

Na kwa nini programu nyingi za simu zinaanza na Placidus? Si kwa sababu alithibitisha chochote. Katika karne ya 19 almanaka zilizouzwa kwa wingi Uingereza zilichapa majedwali yake, basi kila aliyejifunza kwa kitabu cha bei nafuu alijifunza kwa hayo. Hesabu ya Placidus ukiipeleka kaskazini kabisa mwa Norwe inakwama, maana huko zipo sehemu za mbingu ambazo kwa siku nzima hazichomozi wala hazizami. Mtoto wa huko hana nyumba? Nasi tulio kusini ya Ikweta hatukufikiriwa. Majedwali yalitengenezwa kwa watu wa kaskazini, na ya kwetu yalipatikana kwa kuyapindua.

Nisiwaonee wanajimu wa Ulaya kana kwamba wote walikuwa matapeli. William Lilly wa London alichapa kitabu chake kikubwa mwaka 1647, kwa Kiingereza badala ya Kilatini, na humo mna masuala ya watu waliomwendea: vitu vilivyoibwa, mgonjwa atapona au la. Lipo suala la mwanamke ambaye mumewe alikwenda baharini, anataka kujua kama yu hai na atarudi lini. Mume yumo nyumba ya saba, bahari na safari nyumba ya tisa. Bibi zetu wangapi walikaa na swali hilo hilo mlangoni, wakihesabu siku za kaskazi na kusi? Alikuwa hana redio wala simu. Sisi tuna simu, na tunaitumia kuuliza swali lile lile kwa nyumba zile zile.

Mabadiliko ya mwisho yalitokana na polisi. Uingereza ilikuwa na sheria dhidi ya wapiga ramli, na mnajimu maarufu Alan Leo alishitakiwa mara mbili, 1914 na 1917. Mara ya pili alipigwa faini. Leo alikuwa tayari ameanza kusema kuwa yeye hatabiri matukio, anaeleza tabia tu, na baada ya kesi akawa anaviandika upya vitabu vyake kwa njia hiyo. Akafariki mwaka huo huo wa 1917. Dane Rudhyar, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Marekani, akaendeleza njia hiyo katika kitabu chake cha 1936, na nyumba ya 12 ya Pepo Mbaya na magereza ikageuka kuwa nyumba ya yaliyofichika ndani ya nafsi. Huo ndio unajimu uliomo simuni kwa bi harusi wangu: lugha ya "tabia" juu, woga wa Zohali chini.

Aliporudi siku ya tano nilimsimulia haya yote huku napinda upindo wa mtandio wake. Alisikiliza. Kisha nikamuuliza swali la kijinga kabisa, ambalo nilipaswa kuanza nalo: saa yako ya kuzaliwa uliipata wapi?

Akatoa picha ya daftari la mama yake. Mwandiko mzuri wa skuli za zamani: amezaliwa asubuhi, saa 3 na dakika 10. Na kwenye programu, ile ya Kizungu, aliandika nini? Aliandika 3:10, akachagua asubuhi.

Nyote mnaosoma hapa mshaelewa. Saa tatu asubuhi ya mama yake ni saa tisa ya programu. Amejizalisha saa tisa na dakika kumi za usiku, saa sita kabla ya kuzaliwa. Nikamwambia arekebishe. Saa sita ni robo ya mzunguko wa mbingu, nyumba tatu. Duara likazunguka pale pale kwenye kioo, na Zohali akatoka nyumba ya saba akaingia ya nne.

Wiki nzima alikuwa hali vizuri, amelia, karibu avunje maneno ya wazee, kwa Zohali wa mtu ambaye hakuzaliwa. Nilidhani atacheka. Alicheka kidogo, kisha akaniangalia.

"Ya nne ni ya nini, dada?"

"Ya wazazi," nikasema.

Nikamuona anaanza kumfikiria baba yake. Nikamchukua simu mkononi, nikaiweka juu ya cherehani, nikamwambia kama ana shaka na mwanamme huyo kuna istikhara na kuna wajomba wa kwenda kuuliza mtaani kwao, na kama hana shaka basi avue viatu apande kwenye kibao nipime urefu wa gauni. Akapanda.